Korosho zinapodondoka, mtoto wa miaka miwili anajifunza nini?

*Oktoba hadi Desemba ni miezi ya kazi nyingi Kibiti na katika delta ya Rufiji. Ndiyo pia miezi ambayo uwanja wa nyumba unajaa vitu vya kumfundishia mtoto mdogo, ilimradi apatikane mkubwa wa kukaa naye.*

Katika mashamba ya Bungu, Jaribu na Mjawa wilayani Kibiti, asubuhi ya mwishoni mwa Oktoba huanza kwa kuinama. Korosho zilizodondoka usiku huokotwa kabla jua halijawa kali, na waokotaji wengi ni akina mama. Mtoto aliyekuja mgongoni hushushwa, hutandikiwa kanga kivulini, hupewa bibo, tunda la mkorosho, moja kila mkono ili atulie.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu atalitazama bibo jekundu, atalibana mpaka maji yamchuruzike hadi kiwikoni, atalitupa, kisha ataangalia limeangukia wapi. Bibi akiwa karibu atamwambia: "Niletee jekundu." Mtoto atapeleka la manjano. Bibi atalipokea, atamwambia hili ni la manjano, atamtuma tena.

Asipokuwapo mtu, mtoto yuleyule atatupa mabibo yote mawili, atalia, atachoka, atalala.

Watoto hao wawili wana vitu vilevile. Kinachowatofautisha ni mtu aliyekaa karibu yao. Tanzania nzima sasa inazungumzia malezi ya watoto wadogo, na mimi naona hapo ndipo mjadala wote ulipaswa kuanzia: kwa mtu huyo, na kwa muda alionao.

Majani mekundu yapo hata pwani

Ulaya na Amerika ya Kaskazini, Septemba hadi Novemba ni miezi ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Wazazi wa huko huwatoa watoto wao nje wakaokote majani, wayapange kwa rangi, wabingirishe maboga, wahesabu mbegu. Wazo lenyewe ni zuri: mfundishe mtoto kwa kile ambacho msimu umekiangusha mlangoni pako.

Tatizo huja pale picha zinaposafiri na wazo likabaki huko. Vituo vingi vya watoto katika miji yetu hubandika ukutani chati zenye matofaa na theluji. Mtoto wa Kibiti anafundishwa herufi kwa tunda ambalo hajawahi kulishika, mwezi uleule ambao mabibo yanaozea nje ya dirisha.

Na majani mekundu tunayo. Mikungu iliyopandwa kwenye viwanja vya shule na misikiti pwani nzima hugeuza majani yake kuwa ya manjano, kisha ya rangi ya chungwa, kisha mekundu kabisa kabla ya kuyaangusha. Jani la mkungu linaweza kuwa kubwa kuliko uso wa mtoto. Anaweza kulishika bila kulimeza, akalilinganisha na jingine, akaficha kungu chini yake na kumtaka mama alitafute. Kwa mtoto wa miaka miwili huo mchezo wa kuficha ni jambo zito. Anajizoeza kukumbuka kitu kisichoonekana kiko wapi.

Mwalimu Julius Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alieleza kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Afrika walijifunza kwa kuishi na kutenda, na akalalamika kwamba shule tulizorithi ziliwatenga vijana na maisha ya jamii yao. Yeye alizungumzia zaidi shule za msingi na sekondari. Lakini mtengano huo sasa umeteremka hadi kwa mtoto wa miaka mitatu.

Bibo, kifuu, kumbikumbi

Tuanze na bibo, kwa kuwa ndilo lililo tele. Lina rangi mbili za wazi, lina harufu kali, na limebeba mbegu yake nje. Mtoto wa miaka mitatu aliyezoea kokwa la embe lililo ndani hushangaa akionyeshwa korosho inayoning'inia chini ya tunda. Mkatie embe na bibo mbele yake, umwache aseme anachokiona. Mabibo matatu tu yanatosha kwa kubwa, la kati na dogo. Na akililamba asizuiwe. Bibo lililotolewa korosho na kuoshwa ni chakula, tena lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kifuu kina kazi zaidi. Mpe mtoto vifuu viwili na sufuria yenye maji kidogo, atachota na kumimina kwa muda mrefu kuliko utakavyotarajia. Anajifunza kujaa, kupungua, kumwagika, bado kidogo. Mwulize: "Kimejaa?" Ukikosea makusudi, ukasema kimejaa hali kitupu, atakurekebisha, na furaha atakayokuwa nayo haitakugharimu hata senti.

Pakacha kuukuu ni la kutilia makumbi na kuyatoa tena. Njukuti ni za kupanga fupi na ndefu. Ukili unaobaki bibi akishona mkeka ni wa kukunjakunja, na vidole vinavyokunja ukili leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Kwenye ungo, bibi akipepeta, mtoto anaona makapi yakiruka na punje zikibaki. Anaweza kupepeta naye kwa kifuniko cha kikapu. Mchele utamwagika. Na umwagike.

Kisha zinakuja mvua za vuli. Tone la kwanza kwenye bati lina sauti moja, kwenye makuti lina nyingine, na mtoto aliyeketi barazani anaweza kuambiwa afumbe macho asikilize. Baada ya mvua kumbikumbi hutoka ardhini kwa mamia. Watoto wa pwani wamekuwa wakiwakimbiza tangu zamani, na sioni zoezi la miguu, macho na mikono linaloshinda hilo. Mtoto anamkimbiza, anamkosa, anamkimbiza tena. Akimpata, mbawa zinamkatikia vidoleni, naye anauliza kwa nini.

> Vidole vinavyokunja ukili leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja. Simu sasa zimefika hata visiwa vya delta, zinachajiwa kwa umeme wa jua, na zinanyamazisha watoto kwa haraka kuliko kitu chochote. Kukimbiza kumbikumbi hakuna chaji wala bando.

Delta ina vitu vyake

Ukiacha barabara kuu na kushuka Nyamisati, kisha ukapanda mashua kuelekea Salale, Kiomboni, Mbwera au Maparoni, vitu vya kuchezea vinabadilika. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaokaribia hekta 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote uliopo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limetambuliwa na Mkataba wa Ramsar kama ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Watafiti wameuandikia msitu huo vitabu. Mtoto wa miaka mitatu anaufahamu kwa miguu.

Miche ya mkoko, ile mirefu ya kijani inayoning'inia mtini kabla ya kuangukia topeni, inafaa kupangwa kwa urefu. Weka mmoja wa mkandaa, ambao ni mfupi na mwembamba, pembeni ya ule wa mkoko. Hapo mtoto amepata maneno manne: mrefu, mfupi, mnene, mwembamba. Kisha achomeke mmoja topeni karibu na nyumba na kila siku apelekwe kuutazama.

Lakini hazina ya kweli ni komafi. Tunda la mkomafi ni la mviringo, kubwa, lenye ganda gumu la kahawia. Likipasuka, ndani mna mbegu kubwa zenye pembe, zimebanana bila nafasi. Ukizitoa na kujaribu kuzirudisha zilivyokuwa, utahangaika wewe mwenyewe. Wazazi wa mijini hununua vibao vya plastiki vya kupangilia vipande, na huku maji yanaleta komafi hadi ufukweni. Lisiliwe tu, kwani ni chungu, na mkono uoshwe baada ya mchezo.

Maji yenyewe yanafundisha. Yakipwa, mtoto anaacha nyayo zake topeni pembeni ya za baba na za kaa. Yakijaa, nyayo zimefutika. Kabla hajajua saa, anaanza kujua kwamba kuna mambo yanayokwenda na kurudi kwa zamu.

Jaribio la Kingston

Kuna watu watakaosema haya ni michezo tu, hayamfikishi mtoto popote. Jibu bora ninalolijua linatoka Jamaika.

Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa maskini ya jiji la Kingston, watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa na mhudumu wa afya wa jamii mara moja kwa wiki kwa miaka miwili. Kila ziara ilichukua kama saa moja. Mhudumu alikuja na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, akacheza na mtoto mbele ya mama, kisha akamwachia mama aendelee.

Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2014 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 20, waliotembelewa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara hizo. Wakati huo walikuwa wamewafikia kipato watoto wa mitaa hiyo ambao hawakudumaa.

Naona mchango wa vifaa vyenyewe katika hilo ni mdogo. Naamini kilicholeta tofauti ni mama aliyejifunza kumjibu mtoto wake. Kwa Tanzania jambo hili ni zito, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Chakula ni lazima kwanza. Lakini mtoto aliyelishwa na hasemeshwi bado ana njaa moja iliyobaki.

Kuna desturi hapa inayotakiwa kuzungumzwa bila kuwadharau wazee. Katika nyumba nyingi mtoto mwema ni mtoto mkimya. Anayeuliza sana huitwa mjuaji. Heshima ni nguzo ya malezi yetu na sitaki iondoke, ila mtoto wa miaka miwili anayeuliza jina la kila kitu havunji heshima ya mtu. Anajenga lugha, na akinyamazishwa kila mara ataacha kuuliza.

Wanaotaka kituo wana hoja

Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kutungwa mimba hadi miaka minane. Miongoni mwa mambo inayohimiza ni vituo vya kulelea watoto mchana, vikiwemo vya jamii vijijini. Akina mama wengi wanavitaka, na kuwaambia wakae nyumbani wacheze na mabibo ni kutojua maisha yao.

Tazama kalenda ya bonde la Rufiji. Mpunga unalimwa wakati wa mvua na kuvunwa katikati ya mwaka. Mafuriko yakipungua, wanaolima bondeni wanaingia kwenye mlau, mahindi na mboga katika udongo ulioachwa na maji. Mlau ukimalizika, korosho zinaanza kudondoka. Mama wa Rufiji hana mwezi wa kupumzika.

Tena familia nyingi haziko kijijini wakati wote. Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, wakazi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya miinuko iliyo kando ya bonde, lakini mashamba yalibaki bondeni. Ndiyo maana hadi leo, msimu wa mpunga, watu huhamia kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Mtoto mdogo anakwenda na mama yake. Kituo kinabaki kijijini.

Hoja nzito zaidi ya upande huu ni maji. Duniani kote watoto wa mwaka mmoja hadi minne wamo katika kundi linalokufa zaidi kwa kuzama. Bangladesh, nchi ya mito na mabonde kama hili letu, ilianzisha vituo vya kijijini vya kuwaangalia watoto saa za asubuhi ambazo mama yuko kazini, na vifo vya kuzama kwa watoto waliohudhuria vilipungua sana. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza vituo vya namna hiyo kama kinga. Mtu anayeishi kando ya mto wenye mamba hahitaji kuelezwa mara mbili.

Hofu ya maji imekua. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, nalo linabadilisha jinsi Mto Rufiji unavyopanda na kushuka. Bibi aliyejua maji yatafika lini na wapi hana tena uhakika uleule wa kumwambia mjukuu achezee huku, asiende kule.

> Kituo kinabaki kijijini. Mtoto yuko kwenye dungu.

Kwa hiyo vituo vijengwe. Ninachopinga ni kinachoingizwa ndani yake. Wazazi wakilipa ada wanataka kuona daftari, na mwalimu anayetaka kuwaridhisha anamkalisha mtoto wa miaka mitatu kwenye benchi anakili herufi ambazo vidole vyake haviko tayari kuziandika. Elimu ya awali iliyowekwa na sera ni ya mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kuianza miaka miwili mapema kwa kalamu ni kuharakisha kitu ambacho hakiharakishwi. Kituo kizuri cha Kibiti kingekuwa na vifuu, mchanga, maji, ukili na bibi mmoja anayesimulia hadithi, hata ya Kindengereko.

Yasiyochezewa

Korosho mbichi isiwekwe mdomoni. Ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi na midomo, na moshi wa kuzikaanga unaumiza macho na kifua. Watoto wakae mbali na moto huo.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho katikati ya mwaka hubaki kwenye mifuko ambayo wengine huigeuza matandiko au vyombo. Mfuko wa salfa usimfikie mtoto, hata ukiwa umefuliwa.

Kunde, mbaazi, punje za mahindi na mbegu yoyote inayoingia puani zisubiri mtoto apite miaka mitatu, na hata hapo mkubwa awepo. Ndoo ya maji isiachwe wazi uwanjani, maana maji yanayofika kifundo cha mguu yanamtosha mtoto wa mwaka mmoja kuzama. Kisima kifunikwe. Majani yaliyolundikana chini ya mikorosho yachokorwe kwa fimbo kabla ya mtoto kukaa hapo, kwa ajili ya nyoka na nge.

Baba yuko wapi?

Hadi hapa nimemtaja mama na bibi. Ndivyo mambo yalivyo, na ndilo eneo ambalo mabadiliko yanaweza kuja kwa gharama ndogo kuliko yote.

Wavuvi wa delta wanaofuata bamvua huenda dago, wakakaa siku kadhaa kambini. Maji yakiwa mafu wanarudi, na nyavu zinashonwa kivulini. Siku hizo zipo katika kila nusu ya mwezi. Mtoto wa miaka miwili na nusu anaweza kumpa baba boya moja baada ya jingine na kusikia moja, mbili, tatu. Anaweza kupewa kipande cha uzi mnene cha kufunga na kufungua. Hakuna mvuvi atakayechelewa bahari kwa hilo.

Wanaume wa mashambani wana nafasi yao pia, hasa baada ya korosho kupelekwa ghalani, wanaposubiri mnada na malipo. Wengi hukaa barazani kwa mazungumzo. Mtoto angeweza kuwa hapo, kwenye goti, akiulizwa na yeye.

Wahudumu wa afya wa jamii wanaofika hadi kaya wanaweza kubeba ujumbe huu, kama ilivyokuwa Kingston, na siku ya kupima uzito kliniki ni nafasi nyingine. Ila kliniki huenda mama peke yake. Mahali ambapo baba hupatikana ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Ule unaotangulia msimu wa korosho unaweza kuamua mambo matatu: nani ataangalia watoto saa za asubuhi wakati wa kuokota, wataangaliwa kwenye kivuli cha mti gani ulio mbali na maji, na wale walioko kwenye madungu watafikiwa vipi. Uamuzi huo hauhitaji bajeti ya halmashauri. Unahitaji mwenyekiti auweke kwenye ajenda kabla bibo la kwanza halijaanguka.